"Itapanda?" (Injini ya Babu, mpwa wangu na milima ya Usambara)

Najua nimeadimika. Wapo walioniuliza kama nimeacha uandishi, na wapo walioniuliza kama nimeoa kimya kimya. Hapana kwa yote mawili. Nilikuwa nyumbani Lushoto, nimevaa ovaroli ya kuazima, mikono imejaa grisi, natengeneza pikipiki. Na wala si ya kupanda mimi. Ni pikipiki ya mpwa wangu, mwenye miaka kumi.

Naam, miaka kumi. Kabla hujanirukia naomba unipe nafasi nieleze. Katika kuitengeneza hiyo pikipiki ndogo nimejifunza historia ya milima yetu kuliko miaka yote niliyokaa darasani nikikariri tarehe za watu wengine.

Kisa kinaanza na baiskeli ya mbao. Kama umewahi kufika Usambara umeziona, vijana wanashuka nazo kama wamefukuzwa na nyuki. Haina pedali wala cheni. Ni ubao mmoja mrefu wa kukalia au kupigia goti, magurudumu mawili ya mti yaliyochongwa kwa panga na tezo, usukani wa tawi lenye panda, na breki ambayo ni kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa nyuma. Unakikanyaga kigusane na gurudumu, basi. Wengine wanaona ni mchezo wa watoto, na kweli ni mchezo, lakini pia ni usafiri wa mizigo. Kuni, majani ya ng'ombe, viazi, vyote vinashuka nayo mpaka barabarani.

Ndugu zetu wa Goma, kule mashariki ya Kongo, wana dada yake mkubwa. Wanaiita chukudu. Ilienea huko kuanzia miaka ya 1970, inachongwa kwa miti migumu na mikaratusi, na inabeba mamia ya kilo za makaa, kabeji na simenti. Goma wameiheshimu mpaka wakaijengea sanamu katikati ya mji. Sisi bado hatujaijengea yetu hata kibanda.

Sasa mpwa wangu alikuwa na yake, ameichonga mwenyewe. Asubuhi moja mwaka jana alipakia kiroba cha viazi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, mpira wa breki ukaloa, ukateleza. Kona akaikosa. Mkono ulivunjika mahali pawili. Dada yangu alipotoka hospitali kumpeleka plasta aliichukua ile baiskeli, akaichanja kuni, akaipikia maharage. Sikutanii. Nilipopiga simu jioni nilimkuta mtoto analia, na hakuwa analia kwa ajili ya mkono.

Nikaropoka. "Nyamaza, mjomba nitakutengenezea yenye injini."

Kimya kidogo. Nilidhani ataniuliza inakimbia kiasi gani, maana hilo ndilo swali ningeuliza mimi nikiwa na umri wake. Yeye akauliza: "Itapanda?"

Swali hilo lilinikalia kichwani wiki nzima. Watu wazima tunasema ahadi ni deni, lakini lililokuwa linanisumbua lilikuwa zaidi ya ahadi. Yule mtoto katika maisha yake yote ya kuendesha alikuwa hajawahi kupanda. Kushuka alikuwa anabebwa na mlima bure, na kurudi juu alikuwa anasukuma kwa miguu yake. Nikaanza kujiuliza, hivi kwenye milima hii ni nani aliyewahi kujengewa chombo cha kupandia?

Haya, twende pamoja kwenye historia kidogo.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Itazame kwenye ramani. Imepita chini, kwenye joto, ikiambaa na miguu ya milima. Huku juu Lushoto wakapabatiza jina la Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, mfalme wao. Hewa iliwafaa, baridi iliwakumbusha kwao. Lakini shida ikabaki ile ile ya mpwa wangu na viazi vyake: mali iko juu, reli iko chini. Kutoka Mombo mpaka Lushoto mjini ni kilomita 33 hivi, na Lushoto iko kwenye mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari. Unapanda zaidi kidogo ya vilima, unapanda ukuta.

Mali iliyowatoa udenda zaidi ilikuwa miti ya mwerezi katika msitu wa Shume. Kampuni ya Wilkins & Wiese ilijenga kiwanda cha mbao huko juu, mahali walipopaita Neu-Hornow, na kabla ya vita ya 1914 ikafungwa njia ya waya kutoka huko mpaka stesheni ya Mkumbara, kama kilomita 9 za waya uliotundikwa juu ya mabonde. Waliotengeneza vyombo vyake walikuwa mafundi wa Bleichert wa Leipzig, mabingwa wa kazi hiyo duniani wakati ule. Miti iliyochukua karne kukua ikawa inaning'inia hewani, inateremka kimya kimya kwenda kwenye reli, reli inaipeleka Tanga, meli inamalizia.

Nimesoma kidogo jinsi njia za waya za namna hiyo zinavyofanya kazi. Kwenye mteremko mkali mzigo unaoshuka ndio unaovuta vyombo vitupu kurudi juu. Injini haina kazi kubwa. Kazi kubwa ni ya breki, kuuzuia mzigo usije ukakimbia ukavunja kila kitu. Likumbuke neno hilo breki, tutalirudia.

Na wenyeji? Wao walijengewa kadi. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilianzisha kadi ya kazi: kila mwanamume mzima alitakiwa kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Yaani mwerezi ukapewa waya wa kushukia, Msambaa akapewa kadi ya kumshusha mashambani. Wote walishuka!

Sisemi hakuna kilichopanda. Shule zilipanda, hospitali ya Bumbuli ilipanda, misikiti na makanisa yalipanda. Lakini uliza vilipandaje. Vilipanda vichwani na mabegani mwa watu. Na leo, zaidi ya miaka sitini baada ya uhuru, simama Soni alasiri uhesabu malori. Kabeji, karoti, viazi, njegere, matunda damu kwa msimu wake, vyote vinashuka Mombo kwenda Tanga na Dar es Salaam. Vijana nao wanashuka na malori hayo hayo. Mimi ninayeandika hapa nilishuka hivyo hivyo, na begi moja.

Kuna mtu mmoja ninayemjua aliyefanya kazi ya kupandisha. Babu yangu.

Babu alikuwa mwalimu. Mwaka 1977 serikali ilipoanza kutekeleza Elimu ya Msingi kwa Wote, shule zilichipuka mpaka kwenye vilele ambako hata mbuzi anafikiria mara mbili, na kila shule ilitaka chaki, madaftari na mitihani. Babu alikuwa na Honda C50 aliyoinunua mkononi kwa mtu, rangi ya bluu iliyofifia, na ndiyo iliyokuwa inapandisha maboksi ya chaki. Bibi anasimulia kuwa baada ya vita vya Kagera petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Babu akaja na mbinu yake: akishuka anazima injini, anateleza kimya mpaka chini kama ndege. "Petroli yote alikuwa anaiwekea mlima," bibi anasema. Babu kastaafu, kazeeka, katangulia mbele ya haki. Honda ikabaki stoo, imefunikwa gunia la mkonge, kuku wanatagia kwenye kiti.

Fremu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka unaona upande wa pili. Injini ilikuwa nzima kwa nje. Mjomba wangu mmoja alikuwa ameshaongea na wanunuzi wa chuma chakavu, bei kwa kilo. Hapo ndipo nikasimama katikati. Jamani, ile injini msiione hivyo. Ina ukoo.

Mwaka 1946 Japani ilikuwa magofu. Hakuna mafuta, treni zimejaa, chakula unakifuata vijijini. Fundi mmoja aitwaye Soichiro Honda alipata injini ndogo zilizokuwa za jenereta za redio za jeshi, zipatazo 500, zimebaki tu baada ya vita. Akazifunga kwenye baiskeli. Inasimuliwa kuwa ya majaribio aliifungia chupa ya bati ya maji ya moto iwe tangi la mafuta, na kwamba aliyekuwa akimfikiria alikuwa mkewe, Sachi, aliyekuwa anakanyaga pedali mwendo mrefu kutafuta chakula. Kwa hiyo kampuni kubwa kuliko zote za pikipiki duniani ilianza na injini kuukuu aliyoiokota mtu akamfungia wa nyumbani kwake. Utanilaumu nikimfungia mpwa wangu?

Wajapani wakaziita baiskeli hizo bata-bata, kwa mlio wake. Sisi tukaita pikipiki. Masikio ni yale yale.

Mwaka 1958 Honda na mshirika wake Takeo Fujisawa wakatoa Super Cub. Injini ya kulala, sisi 49, mipigo minne, gia tatu, na klachi isiyotaka mkono. Kisa cha klachi hiyo kinapendeza. Walitaka kijana wa mgahawa anayepeleka tambi kwa wateja aweze kubeba sinia kwa mkono mmoja na kuendesha kwa mwingine. C50 ya babu ni mtoto wa mashine hiyo. Mpaka mwaka 2017 ukoo wa Super Cub ulikuwa umefikisha pikipiki milioni 100, hakuna chombo kingine chenye injini kilichofikia hapo. Na ile ya sisi 50 yenyewe, baada ya zaidi ya miaka 65, Honda waliisimamisha kiwandani mwaka 2025 kwa sababu ya sheria mpya za moshi. Maana yake ya babu sasa ni kumbukumbu rasmi!

Na pikipiki ndogo za watoto je? Hizo nazo zina historia, na cha ajabu haikuanza na watoto. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walitengeneza Welbike, kijipikipiki chenye injini ya Villiers ya sisi 98, kinakunjwa, kinaingizwa kwenye mtungi na kuangushwa kwa mwavuli pamoja na askari. Baada ya vita Wamarekani nyuma ya nyumba zao wakawa wanang'oa injini za kukatia majani, za Briggs & Stratton na nyinginezo, wanazifunga kwenye fremu za bomba. Kisha mwaka 1961 Honda walitengeneza kimoja kwa ajili ya watoto wa bustani ya michezo ya Tama Tech, nje kidogo ya Tokyo. Kiliitwa Z100. Mtu mzima akikikalia alionekana kama nyani, ndipo ukoo wake ukaja kuitwa Monkey. Sasa sikiliza: injini ya Z100 ilikuwa ile ile ya Super Cub. Ile ile! Iliyopeleka tambi Tokyo ndiyo iliyobeba watoto, na dada yake ndiye aliyepandisha chaki Usambara. Nikasema moyoni, hii injini imeshamjua mpwa wangu kabla hajazaliwa.

Lakini injini haikuwa yangu. Ilikuwa ya bibi.

Nilikwenda kwake na sukari na majani ya chai, nikakaa kwenye kigoda, nikazunguka kwanza kama wafanyavyo wenye shida. Shangazi alikuwepo, akanikatiza. "Kitu cha marehemu hakichezewi." Mjomba naye akarudia bei yake ya kilo. Bibi akawaacha wamalize. Halafu akaniuliza jambo moja tu. "Mume wangu anasemaje?" Mume wake ni mpwa wangu, kitukuu chake, si mnajua utani wetu. Nikamwambia, aliuliza kama itapanda.

Bibi akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Basi mpeni. Hayo ndiyo maneno ya mwenye nayo."

Fundi niliyempelekea ni mzee wa Soni, amechomelea mageti na majembe ya milima yote ile. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Nikamfunulia injini kwenye gunia kama mtu anayefunua dhahabu. Akaitazama, akanitazama, akasema: "Kijana, unanionyesha injini. Nionyeshe breki."

Sikuwa nazo. Nilikuwa na mpango wa kutumia magurudumu mawili ya toroli, nimeona picha mahali. Mzee akanieleza taratibu, kama anamweleza mtoto, kuwa gurudumu la toroli halina mahali pa kukaa breki, na beringi zake ni za mwendo wa mtu anayesukuma simenti. Akanituma nikatafute magurudumu ya bajaji. Ni madogo, rimu ya inchi 8, yana ngoma ya breki ndani. "Hapa kwetu mtu hafi kwa injini," akasema. "Anakufa kwa kushuka." Nikawakumbuka wale mafundi wa Leipzig na waya wao. Walijua jambo hilo hilo. Magogo ya mwerezi walihakikisha yana breki. Watoto wetu tumewaachia kipande cha tairi.

Ilituchukua muda wangu wote wa likizo na wikiendi kadhaa za kupanda basi kutoka Dar. Injini ilikuwa imekwama. Mzee akafungua plagi, akamimina mafuta ya taa na oili kidogo, akasema tuondoke. Siku ya tatu akaizungusha kwa spana taratibu, tukasikia "tk", pistoni ikaachia. Sijawahi kufurahia sauti ndogo kiasi hicho. Platini tulizisafisha kwa msasa laini. Kabureta ilikuwa imejaa uchafu mgumu kama nta ya sikio, tukazibua vitundu vyake kwa uzi wa shaba wa waya wa umeme. Ringi zilikuwa zimekwisha, na hapo ndipo niliposulubiwa. Pistoni ya C50 ni ya milimita 39, ringi za bodaboda hazina habari nayo. Nilizunguka Kariakoo siku mbili, kila duka wananicheka, mpaka mzee mmoja muuza vipuri akapanda ngazi, akapuliza vumbi kwenye boksi lililofubaa, akaniuliza: "Bado zipo hizi?"

Fremu alikunja kwa bomba za chuma. Injini ya Cub ina adabu, inashikwa na bolti mbili tu upande wa nyuma, kwa hiyo alichomelea masikio mawili na kazi ikaisha. Kazi ilikuwa kwenye sproketi. Ukiweka ndogo nyuma, pikipiki inakimbia. Ukiweka kubwa, haikimbii lakini inapanda. Mimi, mtoto wa mjini, nikapendekeza ya katikati. Mzee hakunijibu, akamgeukia mpwa wangu aliyekuwa amechuchumaa pale na mkono wake uliopona. "Unataka ipi?" Mtoto akaonyesha kubwa kuliko zote. Ikatobolewa, ikafungwa. Kisha mzee akaweka skrubu kwenye mkono wa mafuta ili usizunguke zaidi ya robo. "Akifika miaka kumi na mitatu nitailegeza kidogo. Nikiwa hai."

Dada yangu wakati wote huo hakuja karakana hata mara moja. Kwa kweli tuligombana. Aliniambia kwenye simu, "Wewe unaahidi ukiwa Dar, mimi ndiye ninayelala hospitali." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilichofanya ni kumpeleka mzee kwake. Hakumweleza injini. Alimkabidhi breki ya mbele na ya nyuma azikaze kwa mkono wake mwenyewe, azisikie. Dada akazibana, akaziachia, akazibana tena. Kisha akataja masharti: helmeti, kiwanja cha shule tu, barabarani marufuku (na sheria yenyewe haimruhusu), na ufunguo utakaa kwenye pindo la kanga yake. Tukakubali yote.

Jumamosi moja asubuhi, baridi, ukungu bado haujaondoka. Kiwanja cha shule kina mwinuko upande mmoja, kama urefu wa nyumba mbili. Bibi kawekewa kiti. Dada kasimama na mikono amefumba. Mpwa wangu na helmeti iliyomzidi kichwa, tumeijaza sponji. Kapiga kiki, kimya. Kapiga ya pili, moshi. Ya tatu ikashika. Piki, piki, piki... Nilimtazama bibi. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeitwa na sauti anayoijua akiwa chumba cha pili.

Mtoto akaweka gia ya kwanza. Ikaanza kupanda, polepole mno, mbuzi angeweza kuipita. Katikati ya mwinuko ikapunguza, nikadhani imeshindwa, nikaanza kukimbia. Mzee akanishika shati. Ikakohoa, ikaendelea. Ikafika juu. Akasimama huko, mguu mmoja chini, anatutazama sisi tuliobaki bondeni. Hakupiga kelele wala kuinua mikono. Alikaa tu, kama mtu anayeangalia mahali anapopajua kwa njia aliyoijia mara ya kwanza.

Halafu sehemu iliyonikausha koo, kushuka. Mzee alikuwa amemfundisha: usizime, shuka na gia, injini yenyewe ikushike, breki ikusaidie. Akashuka hivyo hivyo, taratibu, injini inaunguruma, taa ya breki inawaka na kuzima. Bibi akatikisa kichwa. "Babu yenu alikuwa anashuka amezima. Ninyi petroli mnayo."

Nimelifikiria sana neno hilo. Babu alizima kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, na tulikuwa tunasimulia kama ushujaa. Huenda ulikuwa ushujaa. Lakini mtoto hatakiwi kuwa shujaa kushusha viazi. Anatakiwa kuwa na breki. Nimekua nikiambiwa kuwa kwetu tumeachwa nyuma na mashine, kumbe mashine zilikuja mapema sana. Zilikuja na waya wa kilomita 9 na mafundi wa Leipzig. Ni kwamba aliyezileta alikuwa anataka vitu vishuke. Wanaotaka vipande bado tunajifungia wenyewe, kwa bomba za geti, magurudumu ya bajaji na injini ya marehemu.

Tulipozima na kukaa kunywa chai, mpwa wangu akanijia. "Mjomba, tukiifungia tela nyuma, itapandisha dumu la maji la mama?"

Dada yangu, ambaye hakuwa amecheka na mimi miezi mitatu, alicheka. Kisha akamgeukia mzee, na kabla sijafungua mdomo nikasikia wanaanza kuulizana: tela la uzito gani, na breki yake itakaa wapi.

Mimi Jumapili nilipanda basi la kurudi Dar. Nilishuka, kama kawaida. Alamsiki.